Bibi Alipoanza Kunitazama Pembeni

Mwezi uliopita, sokoni, mzee aliyesimama mbele yangu alitoa jani la tumbaku kwenye mfuko wa koti, akalifikicha kiganjani na kulinusa. Hakuliwasha. Harufu ile kavu, yenye utamu wa majani yaliyoanikwa juani, ilinifikia kabla sijajua ni ya nini, na mwili wangu ukafanya jambo ambalo ulikuwa haujalifanya kwa miaka: nikasogea kushoto kumpisha mtu aliyekuwa kulia kwangu. Hapakuwa na mtu. Muuza nyanya akaniuliza, "Dada, vipi, unakimbia nini?" Nikacheka, nikachukua mfuko wangu na kuondoka. Mchana ule nilizunguka mitaa bila kuwa na mahali pa kwenda. Miguu ilikataa kutulia, kama ilivyokuwa ikikataa enzi zile Bibi alipokuja kuishi kwetu Kasulu.

Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya serikali, upande wa chuo cha ualimu. Baba alikuwa afisa kilimo, mtu wa Singida aliyeletwa Kigoma na uhamisho akaoa huku huku. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Bibi, yaani mama yake Mama, aliishi peke yake Murungu, kule Kibondo, kwenye shamba la mihogo na maharage ambalo yeye na marehemu babu walilifyeka kwa mikono yao walipovuka kutoka Burundi wakiwa vijana.

Mimi naitwa Butoyi. Kwa mtu wa kule jina hilo halihitaji maelezo: ukiitwa Butoyi, maana yake kuna Bukuru aliyekutangulia kutoka tumboni. Tulizaliwa wawili, wasichana. Bukuru alifariki kwa malaria huko huko Murungu, Mama alipokuwa ametupeleka kwa Bibi, kabla hata hatujajua kusema sawasawa. Sikumkumbuka hata kidogo. Nyumbani hatukumtaja. Watu wapya wakilisikia jina langu waliuliza, "Na Bukuru yuko wapi?" Mama angeanza kuongea habari za mvua au za mitihani, nami ningebaki nimesimama kama mtu aliyeulizwa kitu alichopoteza.

Nilikuwa darasa la nne mjomba alipotuma ujumbe kwamba Bibi anaanza kuwa wa ajabu. Alijimwagia uji wa moto mkononi. Aligombana na fundi seremala akidai amempa mlango uliopinda, ilhali mlango ulikuwa sawa. Anapita njiani bila kusalimia. Wengine walikwishaanza kunong'ona kwamba amechezewa. Baba alikwenda kumchukua.

Walipofika stendi nilikimbia kumpokea. Bibi alishuka kwenye basi taratibu, khanga mbili kiunoni, harufu ya tumbaku ikitangulia. Alikuwa anavuta kiko tangu zamani, kama wanawake wengi wa rika lake. Nikasimama mbele yake nikiwa na tabasamu. Akainamisha kichwa kidogo, akatazama pembeni ya sikio langu la kulia, akatabasamu kweli kweli.

"Yewe! Umekua, mwana wanje," alisema.

Hakuniambia mimi. Alimwambia mtu aliyesimama karibu yangu. Niligeuka. Palikuwa na gunia la mkaa na mbuzi aliyefungwa.

Siku zile za mwanzo nilimchunguza. Nikihama upande, macho yake yalihama pia, lakini kila mara yalitua kando yangu. Nikiongea alikuwa akiniitikia huku amemkazia macho yule mwingine. Wakati mwingine aligeuza shingo kama kuku anayesikiliza, akatulia hivyo kwa muda, uso ukajaa upendo. Hakuna aliyekuwa amewahi kunitazama hivyo. Ndipo nikaelewa, au nikadhani nimeelewa. Bibi alikuwa anamwona Bukuru. Bukuru alikuwa amekuja naye kutoka Murungu, na alikuwa amesimama kulia kwangu, mahali ambapo pacha anapaswa kusimama.

Sikumwambia mtu. Niliogopa, lakini si hofu ya kukimbia. Ilikuwa hofu ya kuwasha, isiyoniruhusu kukaa. Kwenye benchi la jikoni nilikaa ukingoni ili Bukuru aenee. Darasani nilisogea mpaka jirani yangu wa dawati akanisukuma kwa kiwiko, na mwalimu akaniuliza mbele ya wote kama nina funza makalioni. Nilijaribu kusikia pumzi yake. Niliwaza kwa nini amekuja sasa, na kama amekuja kukaa au amekuja kuchukua mtu. Kama ni kuchukua, amekuja kwa ajili yangu au ya Bibi? Nilikuwa natoka darasani kwa ruhusa ya chooni, nakimbia mpaka nyumbani kuhakikisha Bibi yupo, halafu narudi mbio.

Bibi naye hakutulia. Alitoka mpaka getini, akarudi, akatoka tena. Alipapasa fremu ya mlango wa sebuleni kwa kiganja, juu mpaka chini.

"Mlango wenu umepinda," alimwambia Baba. "Fundi aliwaibia."

Baba, mtu wa kupima mambo, alileta timazi, akaitundika kwenye fremu. "Mama, umenyooka. Uzi huu hapa."

"Uzi wenyewe umepinda," alisema Bibi, akaenda nyuma ya jiko kuvuta kiko chake.

Unaweza kujiuliza imekuwaje watu wazima wawili wasione. Baba na Bibi walikuwa mtu na mkwe wake, na kwa adabu ya wakwe hawakutazamana usoni. Bibi akitazama pembeni, Baba aliona ni heshima. Mama alikuwa anatoka alfajiri na kurudi amechoka, na Bibi alikuwa hodari wa kuficha. Alimenya mihogo kwa vidole. Alimjua mtu kwa sauti, kwa mwendo, kwa harufu ya sabuni yake. Maharage tu ndiyo yaliyomsaliti: siku aliyoyachagua yeye, tulitafuna mawe.

Kilichomfichua kilikuwa salamu. Ilikuwa kipindi kile malori yalipoanza tena kupita Kasulu yakiwa yamejaa wakimbizi kutoka ng'ambo, Burundi, kuelekea kambini. Bibi alikuwa anapenda kusimama kando ya barabara kuwatazama. Alikuwa anatafuta sura za kwao, alisema, ingawa aliondoka kule kabla ya wengi wao kuzaliwa. Jioni moja nilikuwa nimemshika mkono pale barabarani, Mama akaja kutoka shuleni. Alikuwa amebanwa na mafua, sauti imepotea kabisa, na alikuwa amevaa kandambili za kuazima kwa sababu viatu vyake vilikatika njiani. Akasimama mbele ya Bibi, akiwa amechoka, akitabasamu tu.

Bibi alipiga goti kidogo, kwa heshima anayopewa mgeni. "Mwiriwe, mama," alisema. "Unatokea wapi?"

Mama alidhani ni utani. Akasubiri. Bibi naye akasubiri, mpole, akitazama juu ya bega la binti yake. Kisha nikaona uso wa Mama ukibadilika, kidogo kidogo.

"Mama," alisema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Ni mimi."

Bibi aliuachia mkono wangu. Akageuka akaenda zake kuelekea nyumbani, haraka, akijikwaa kwenye mfereji, na hakutaka kushikwa na yeyote.

Kwa bahati, katika hospitali mojawapo pale Kasulu walikuwa wamekuja madaktari wa macho kutoka mkoa mwingine. Wote tuliamini ni mtoto wa jicho. Nusu ya wazee waliokuwa kwenye mabenchi walikuwa na mtoto wa jicho, na waliotoka walitoka na bandeji na vicheko. Bibi alikuwa amejiandaa. Alijifunga kitenge kipya, akaniambia, "Wakinitoa huo utando, kitu cha kwanza nitakachotazama ni nyota."

Mimi nilienda kwa sababu nilikataa kuachwa. Nilijiambia kwamba wakimfanyia upasuaji huenda Bukuru ataondoka, na sikuweza kuamua kama ndicho ninachotaka.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. "Shikamoo, Bibi," alisema, akamtia matone, akasubiri mboni zifunguke, akamulika jicho la kushoto, kisha la kulia, kisha akarudi la kushoto. Alimtazama kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuzunguka chumba, na Mama akanikamata kwa sketi.

"Bibi, hili si mtoto wa jicho," alisema daktari hatimaye. "Mbele ya jicho pako safi. Tatizo liko nyuma, ndani kabisa, kwenye pazia linalopokea picha. Katikati ya pazia hilo kuna sehemu ndogo sana, ndiyo tunayoitumia kutambulia uso wa mtu, kusomea, kutunga uzi kwenye sindano. Kwa baadhi ya watu sehemu hiyo huchakaa uzeeni, kama mkeka unavyochakaa pale katikati watu wanapokalia. Kingo zinabaki nzima."

"Basi nitoe hicho kilichochakaa," alisema Bibi.

"Hakitoki, Bibi. Hatuna upasuaji wa kukirudisha."

Akaeleza polepole, Mama akitafsiri kwa Kiha kila Bibi alipokunja uso. Jicho la kushoto lilikuwa limevuja damu kwa ndani, pengine miezi mingi iliyopita, likaacha kovu. Ndiyo maana milango ilikuwa imepinda, na sasa katikati palikuwa na doa tu. Jicho hilo limechelewa. La kulia lilikuwa limechakaa pia, lakini ni uchakavu mkavu, unaokwenda pole pole. Likianza kuvuja nalo, zipo sindano zinazoweza kuzuia, kule Mwanza, mradi mgonjwa awahi. Lakini giza kabisa, alisema, halitaingia kwa ugonjwa huu. Pembeni ataendelea kuona.

"Umegundua mwenyewe ujanja wake," alimwambia Bibi. "Nimekuona toka umeingia. Ukitaka kumwona mtu hutazami usoni pake, unatazama kando, ili aingie kwenye sehemu ya jicho iliyo nzima. Endelea hivyo hivyo. Usione aibu."

Nilisikia kila neno. Nikamvuta daktari koti.

"Kwa hiyo anayesimama hapa ni nani?" nilimwuliza, nikionyesha kulia kwangu.

Daktari alitabasamu bila kuelewa. "Hakuna mtu, mwanangu. Anakutazama wewe."

Hakujua alichokisema. Aliyejua ni Mama. Alinitazama, akatazama pale nilipokuwa naonyesha, akaweka mkono mdomoni. Kisha akatoka nje, akamwacha Bibi kwenye kiti na mimi nimesimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza tangu Bibi aje nilihisi ubaridi upande wangu wa kulia. Nilipaswa kufurahi. Uso ule uliojaa upendo ulikuwa wangu siku zote. Lakini nilitoka mle ndani nimefiwa.

Wiki iliyofuata nilikuwa msumbufu. Nilivunja vitu. Nilijibu watu vibaya. Bibi hakusema chochote mpaka jioni moja aliponiita nyuma ya jiko.

"Mama yako ameniambia," alisema. "Ulidhani namwona mwenzako."

Nikachora udongo kwa kidole cha mguu.

"Kaa mbele yangu. Hapo." Akanikazia macho moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. "Sasa hivi sina mjukuu. Naona masikio mawili na ukungu." Akageuza macho kando. "Sasa ndiyo huyu. Umekunja uso kama babu yako."

Sikucheka. Nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza mtu. "Bukuru yuko wapi?"

Bibi alivuta pumzi ndefu. "Yuko kwangu Murungu. Hawajakuonyesha?"

"Oya," nilimjibu kwa Kiha, yaani hapana.

"Basi nitakupeleka. Hawa walionifunga hapa kama mbuzi wakinifungulia, nitakupeleka mwenyewe."

Kutoka siku hiyo nikawa na haraka ya Bibi kupona, na kwa kuwa hakukuwa na kupona, nikawa na haraka ya kila alichoagiza daktari. Alikuwa ameagiza tumbaku ikome, maana moshi unaharakisha ugonjwa huu. Bibi alisema heri amkataze kula. Alificha kiko kwenye gunia la mahindi, nikakipata. Akakificha kwenye mti, nikakipata. Tulipigana vita vya kweli. Mwishowe alikitoa mwenyewe akampa Baba, mkono kwa mkono, bila kumtazama, na kwa mwezi mzima hakuna aliyemsemesha kabla ya chai. Mama alipika lengalenga na kisamvu mpaka Baba akaanza kuuliza kama ng'ombe ni sisi, na dagaa wa Kigoma hawakukosekana. Uji wa Bibi, ambao ni mweupe, tulianza kumwekea kwenye kikombe cheusi ili aone unapoishia. Alihamishia kigoda chake mlangoni, mwanga utokee nyuma yake. Watu wakija tulijitaja majina: "Bibi, ni mimi Butoyi."

Kila asubuhi kulikuwa na dirisha. Daktari alisema afunike jicho la kushoto, atazame kitu chenye mistari kwa jicho la kulia, aangalie kama imenyooka. Dirisha letu la sebuleni lilikuwa na nondo zilizopishana, zikafaa. Mimi ndiye nilikuwa msimamizi.

"Bibi, nondo?"

"Zimenyooka."

Ikaendelea hivyo wiki baada ya wiki, mpaka ikawa kama salamu. Kisha asubuhi moja aliniambia, "Zimenyooka," kabla hajainua mkono kufunika jicho.

"Hujafunika."

"Nimesema zimenyooka. Nenda shule."

Nilivaa viatu. Nikavivua. Alikuwa ameshika kikombe, na uji ulikuwa unamwagika pembeni. Nikamwendea, nikamfunika jicho la kushoto kwa kiganja changu, naye hakukiondoa.

"Ile ya katikati," alisema kwa sauti ndogo, "imepinda kama nyoka. Toka juzi."

"Kwa nini hukusema?"

"Watanipeleka Mwanza wanichome sindano kwenye jicho. Halafu hawataniachia tena. Nitafia kwenye nyumba ya serikali." Akanishika mkono. "Usimwambie baba yako. Tutaenda kwanza Murungu, mimi na wewe, nikuonyeshe. Nikiwa bado naona njia."

Nilitaka Murungu kuliko kitu chochote. Nilisimama pale nikipokezana miguu. Kisha nikakimbia peku mpaka ofisini kwa Baba, nikamkuta anaongea na wakulima, nikamwambia mbele yao wote kwamba nondo imepinda. Alikuwa mtu wa kupima mambo. Safari hii hakupima chochote. Aliinuka na kofia yake.

Kesho yake walipanda basi la Mwanza, Baba na mama mkwe wake, kiti kimoja, watu ambao hawakuwahi kutazamana. Bibi hakuniaga. Siku walizokuwa huko sikumbuki nilikula nini; nakumbuka nilikuwa nakwenda stendi kila nikitoka shule, na makonda walinizoea. Waliporudi Bibi alikuwa na jicho jekundu na hadithi. Walimtia ganzi, alisema, akahisi kitu kama kidole kinasukuma, basi, na yeye alikuwa amejitayarisha kufa. Alirudi tena Mwanza mwezi uliofuata, na mwingine, Baba akiwa pembeni yake kila safari. Uvujaji ulikoma. Nondo hazikunyooka tena sawasawa, zilibaki na kijipindo, lakini hazikuzidi. Alibaki na jicho linalotosha kuona njia.

Siku alipoambiwa apumzike sindano, yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Baba, "Mkwe, sasa nirudishe kwangu." Hakumwambia kwa kupitia Mama. Na Baba hakubisha.

Tulikwenda wote, likizo. Mjomba alikuwa amepaka chokaa nyeupe kwenye ngazi ili azione. Majirani walikuja kumpokea, na Bibi akawaambia bila kuzunguka, "Macho yangu hayajui nyuso tena. Ukinikuta njiani, sema jina lako. Usipojitaja nikakupita, lawama ni yako." Walicheka, kisha mmoja mmoja wakaanza kujitaja.

Asubuhi iliyofuata alinishika mkono tukapita katikati ya mihogo, Mama akitufuata kwa mbali. Mwisho wa shamba, palipo na mteremko, kulikuwa na kijituta kilichozungushiwa mawe, magugu yamekimeza. Bibi alisimama, akageuza shingo kama kawaida yake mpaka akakipata.

"Huyu hapa," alisema. "Nilikuwa napalilia mwenyewe. Macho yalipoharibika nikaogopa nitang'oa na maua. Piga magoti, wewe unaona."

Nikapiga magoti. Nikang'oa, nikimwonyesha kila jani, naye akilishika na kusema hili acha, hili toa. Mama akafika, akapiga magoti upande wa pili. Tulifanya kazi hivyo mpaka jua likawa kali. Nilikuwa na maswali mengi sana, na nilianza kuyauliza yote kwa pamoja: alikuwa anapenda nini, alikuwa analia sana, nani alitembea wa kwanza. Bibi alijibu mengine, na mengine, kwa mshangao wangu, akajibu Mama.

"Tulikuwa tunafanana?" niliuliza mwishoni.

Mama alimtazama Bibi. Bibi alikuwa amekaa chini sasa, mikono imejaa udongo, macho yake yametua kando yangu, yaani juu yangu.

"Watu wote walisema hamtofautishiki," alisema. "Waliwafunga shanga ili wawajue. Mimi sikuwahi kuwachanganya hata siku moja."